Mwezi wa Saba Hakuna Upepo

Nikisikia mtu akijisifu kwamba kwao kuna upepo mwingi, huwa namwuliza: umeupima mwezi gani? Wengi hucheka. Wanadhani nafanya mzaha, kisha wanaendelea kunieleza jinsi mabati ya jirani yalivyong'olewa, jinsi hema la kanisa lilivyoruka siku ya mchango, na jinsi ile feni kubwa ya kuzalisha umeme waliyoiona kwenye simu itakavyowamalizia shida ya stima. Mimi huwaacha wamalize. Halafu nawaambia wasikate chochote. Wengine huondoka wakisema mimi ni mkali bure. Ukali ninao, siukatai, lakini si wa bure.

Shida yetu ilianza na kifua cha mama. Alipika kwa kuni miaka yote aliyotulea pale Kalimoni, katika jiko lisilo na dirisha la maana, na ule moshi ukamwingia ukakaa. Alipofika miaka sabini na minne, daktari mmoja wa Thika alimwandikia mashine ya oksijeni. Ni kisanduku chenye magurudumu, kinavuta hewa ya chumbani, kinaisafisha na kumletea puani kwa mpira mwembamba. Daktari alisema aitumie kila siku, saa nyingi, bila kukosa. Mashine hiyo inataka stima, na stima ya upande wetu wenyeji wanaijua. Inaenda inapotaka na inarudi inapojisikia.

Ilipopotea siku mbili mfululizo, kaka yangu akatoa uamuzi. Tumezaliwa wawili tu na yeye ndiye mkubwa. Anaishi Githurai 45, ghorofa ya nne, na chini ya jengo hilo hilo ana duka la vipuri vya magari. Alisema kama nyumbani hakutapatikana njia ya kuaminika ya kupata stima, mama atahamia kwake kabla mwaka haujaisha. Hakusema kwa ubaya. Alisema akiwa ameushika mkono wa mama na macho yamemwiva, maana alikuwa amekaa naye siku hizo mbili akimsikiliza akihema.

"Mimi siendi kukaa juu ya ngazi," mama alimjibu.

Alikuwa na ng'ombe mmoja, shamba lisilotimia ekari, kaburi la baba nyuma ya ghala, na rafiki wa ng'ambo ya barabara aliyekuja kila saa nne kunywa chai na kumsengenya mchungaji. Kumtoa hapo kulikuwa kumng'oa. Mimi nilijua, kaka alijua, na yote tuliyoyafanya mwaka ule tuliyafanya ili abaki pale. Nataka jambo hilo lieleweke mapema, kwa sababu ndilo linaloniuma. Hatukufanya kwa kutojali. Tulimpenda, tukaharibu.

Wazo la upepo lilitoka kwa kaka. Mimi nilitaja jua, maana nyumba nyingi za mtaa wa Landless, Thika, ninakoishi na mume wangu na watoto, siku hizi zina paneli juu ya paa. Kaka alilikataa papo hapo. Jua linazama saa kumi na mbili, alisema, lakini upepo haulali. Tena mwezi wa saba, Kalimoni ikifunikwa na mawingu ya baridi, jua huko ni la kutafuta na tochi. Alikuwa ameona kwenye simu nyumba moja ya sehemu za mbali, juu ya kilima kitupu, ambayo mtambo wake wa upepo uliwasha taa, friji na pampu. Aliirudia video hiyo mara nyingi mpaka kile kilima akakiona ni kwetu. Akapata duka la mitambo hiyo Ruiru, na mwenye duka akaahidi kuja kutupimia bure.

Alikuja alasiri moja ya mwezi wa pili, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amevaa shati lenye nembo ya duka lake. Alitoa mfukoni kidude chenye vikombe vitatu vidogo vinavyozunguka, akasimama langoni, akakiinua juu ya kichwa. Upepo ulikuwa ukivuma vizuri siku hiyo. Vikombe vikazunguka hadi havionekani, na namba zikapanda.

"Hapa iko upepo ya kutosha kabisa," alisema. "Kusema ukweli, hii upepo yenu inapotea bure."

Kaka alizipiga picha zile namba. Picha hiyo anayo mpaka leo, nimeiona, nikamwambia aifute, naye akaniambia hawezi.

Mama wakati huo alikuwa jikoni. Siku hizo alikuwa na meko ya gesi, lakini hata gesi haikumfaa mtu wa kifua kile kusimama juu yake saa mbili. Ila mgeni alikuwa amekuja, na kwetu mgeni haondoki na tumbo tupu, na mama hakubali mwanamke mwingine ashike mwiko wakati yeye yu hai. Alivua mpira wa oksijeni, akaenda kukaanga chapati. Sisi tulikaa uwanjani kwenye viti vya plastiki tukizungumza mambo makubwa. Mama akatokea mlangoni, sahani ya chapati mkononi, akasimama apate pumzi, akauliza, "Na mwezi wa saba je?"

Mwenye duka aligeuka akatabasamu. Kaka hakugeuka. Mimi ndiye niliyejibu.

"Maitu, wageni wapate chai kwanza."

Maitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikuyu, na nilisema kwa heshima, kwa sauti ya upole ambayo watu humsifu nayo binti aliyelelewa vizuri. Mama akaweka sahani, akarudi kuleta chai. Nimeirudia sentensi ile kichwani kuliko nilivyorudia sala yoyote.

Chai iliponywewa, mwenye duka alituonyesha miti. Upande wa mashariki wa boma letu, kando ya barabara ya murram isiyo na lami, baba alikuwa amepanda mikima kumi na tisa. Mukima ni mti wa mpakani, mrefu, mwembamba, wenye majani yaliyochanikachanika, na ukipita Kiambu utauona umezunguka kila shamba hata usiuangalie tena. Baba aliibeba miche kutoka Thika kwa baiskeli, akitoka kibaruani kwenye mashamba ya mananasi, michache michache kila Jumamosi, mwaka nilioanza darasa la kwanza. Mimi ndiye niliyeimwagilia kwa kopo.

"Hii miti ndiyo adui yenu," mwenye duka alisema. Alieleza kwamba mapanga ya mtambo lazima yawe juu kabisa ya kila kilicho karibu, la sivyo upepo unafika umevunjika, unazungukazunguka bila nguvu. Kwa miti mirefu kama ile tungehitaji nguzo ndefu zaidi, na nguzo ndefu hushikiliwa na nyaya zinazotanuka mbali pande zote, na boma letu ni jembamba, nyaya zingeingia kwa jirani. "Mkiondoa miti, nguzo ya kawaida itatosha. Upepo itaingia direct."

Hapo alisema kweli tupu, na hilo nalo linanikera. Kuhusu miti hakudanganya hata kidogo. Alichofanya ni kupima alasiri moja ya mwezi wa pili na kuiita mwaka.

Kaka aliniangalia. Kwa vile boma ni la baba na baba hayupo, hakutaka kuamua peke yake. Mama alikuwa akiosha vikombe. Nikasema, "Kama ndiyo itamweka mama hapa, ikatwe." Nikaenda mimi mwenyewe kwa chifu kuomba ruhusa ya kukata, na barua ikatoka bila matata. Jina langu ndilo lililo kwenye barua hiyo.

Wakataji walikuja na msumeno wa petroli wiki ya mwisho ya mwezi huo. Walianza asubuhi na kufikia saa tisa walikuwa wanakunja kamba. Mama alikaa dirishani na mpira wake puani. Nilimwuliza kama kelele inamsumbua. Akasema kuni zile ni mbichi, zisiwekwe karibu na ukuta, zitaleta mchwa. Hilo tu. Nilishukuru kwamba hakulia, nikadhani amekubali. Kumbe mtu wa namna yake akishaona neno lake halina mahali, anaanza kufikiria kuni zitakaa wapi.

Upepo uliingia kama tulivyoahidiwa. Uliingia na vumbi. Nyuma ya barabara ile kuna machimbo ya mawe, na malori yanapita kutwa nzima yakienda kwenye majengo ya Juja na Ruiru. Kwa miaka zaidi ya thelathini tuliyaona yakipita, tukayasikia, lakini vumbi lake hatukulijua, maana mikima ilikuwa ikilichuja. Majani yake siku zote yalikuwa ya kijivu upande wa barabara. Mimi nilidhani ndiyo rangi yake. Sasa meza ilipanguswa asubuhi na kufikia saa sita unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Mama alianza kukohoa kikohozi kingine, kikavu, cha juu. Tuliambiana ni mabadiliko ya hewa. Mvua ikaja mwezi wa nne, vumbi likalala, kikohozi kikapoa, nasi tukasema, umeona.

Mtambo ulikuwa bado haujafika. Ungekuja na shehena ya mwezi wa sita. Wakati tunaungoja, nikafanya jambo moja la maana mwaka ule, tena kwa bahati. Kazini kwangu, katika kiwanda kimoja Thika ambako ninatunza stoo, kuna fundi wa mota, mtu wa Kakamega, mzee wa kanisa, asiye na maneno mengi. Siku moja wakati wa chakula nilimweleza kuhusu mtambo, nikijivuna kidogo. Akaacha kutafuna.

"Mlipima?"

"Tulipima."

"Miezi mingapi?"

"Siku moja."

Alicheka, kisha akaona sura yangu, akaacha. Akaniambia, "Dada, upepo ikipungua nusu, usidhani utabaki na nusu ya stima. Utabaki na moja ya nane. Ndiyo maana watu wanapima mwaka mzima." Akasema Jumapili baada ya ibada angekuja kuona.

Alikuja na Biblia yake kwapani. Nilitaka kumpeleka moja kwa moja mahali nguzo ingesimama. Hakwenda. Aliingia ndani, akamsalimu mama kwa mikono miwili, akakaa kwenye stuli karibu na mashine, akauliza hali ya kifua, akauliza ng'ombe anatoa lita ngapi. Kisha akamwuliza, kama mtu anayeuliza daktari, "Mama, upepo ya hapa inakuja saa ngapi?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza. Si mimi, si kaka, si yule wa Ruiru.

"Inategemea mwezi," mama alisema. "Kutoka mwezi wa kwanza mpaka wa tatu inaanza saa tano, inaisha saa kumi na moja. Usiku hakuna. Ikifika mwezi wa sita inapotea. Mwezi wa saba hakuna kabisa, hata ya kupepeta mkebe mmoja wa Kasuku wa maharagwe. Sisi tukivuna ya mwezi wa pili tunapepeta hapa hapa uwanjani. Ya mwezi wa saba tunabeba mpaka kule juu, kwa uwanja wa shule, na hata huko tunangoja. Huyu ndiye alikuwa anabeba gunia." Akanionyesha kwa kidevu.

Ni mimi kweli. Nililibeba gunia lile kichwani kila mwaka mpaka nikamaliza shule ya upili, nikipanda kile kilima nyuma yake, shingo ikiniingia mabegani. Nilikaa pale uwanjani na wanawake wengine, nyungo zimelala mapajani, tukingoja upepo uamke, wengine wakisinzia, wengine wakishona vitambaa. Siku nyingine tulirudi na maharagwe yakiwa na makapi yake. Nilijua mwezi wa saba kwetu hakuna upepo kwa mifupa ya shingo yangu. Lakini niliposikia mita kwa sekunde na nguzo na mapanga, nikaona hiyo ni habari ya watu wenye mashati ya nembo, na ya nyungo ni habari ya jikoni. Sijui nimkasirikie nani kwa hilo kama si mimi.

Fundi alimwuliza mama, bila lawama, "Na uliwaambia?"

"Niliuliza," mama alisema. "Lakini kulikuwa na mgeni, na chai ilikuwa inapoa."

Hakuniangalia. Angeniangalia ingekuwa nafuu.

Fundi hakutaka tuamini maneno matupu, hata ya mama. Alileta kipimo alichoazima, akakifunga juu ya bomba refu, akalisimamisha kwa waya pale pale nguzo ingekaa, na namba zikawa zinasomeka kwenye kisanduku barazani. Mama ndiye aliyekaa nyumbani kutwa, kwa hiyo mama ndiye aliyesoma. Nilimnunulia daftari la shule la kurasa mia. Aliandika mara tatu kwa siku, kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko ule mkubwa wa watu waliojifunza kuandika wakiwa watu wazima. Siku za kwanza aliandika namba kamili na nukta zake. Mwezi wa sita ukaingia, namba zikawa za chini. Kisha kidude kikawa hakizunguki, na mama akachoka kuandika sufuri, akaanza kuandika neno. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Kurasa na kurasa. Jumamosi nilipokuja nilikuta neno hilo limejaa ukurasa kama adhabu ya mtoto wa shule, na nilijua ni nani anayeadhibiwa.

Katika wiki hizo za baridi upepo haukuwapo, lakini malori hayakusimama. Vumbi lao lilipanda, na bila miti ya kulishika na bila upepo wa kulisukuma, likawa linakuja kushuka polepole juu ya boma letu, juu ya ng'ombe, juu ya kamba ya nguo, juu ya mama akiwa barazani anasoma kisanduku kinachomwambia kitu alichokuwa akikijua tangu kabla sijazaliwa.

Mwezi wa nane nilichukua daftari nikaenda nalo Githurai. Nilimkuta kaka kwenye kaunta ya duka lake, akimpimia mtu mkanda wa injini. Nilingoja mteja aondoke, nikalifungua mbele yake. Alisoma kurasa mbili.

"Basi tuongeze urefu wa nguzo," alisema.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia kwamba hajawahi kubeba gunia, kwamba wavulana wa kijiji chetu walikuwa wakicheza mpira kwenye uwanja ule ule ambako sisi tulikuwa tukingoja upepo, na hata siku moja yeye hakugeuza kichwa kuuliza wale wanawake wamekaa pale kwa nini. Yeye aliendelea kufunua kurasa, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake, "Mimi nilitaka abaki kwake."

Nilijua ni kweli. Nilikasirika zaidi.

Tulikwenda Ruiru pamoja kesho yake, mtambo ukiwa bado dukani. Mwenye duka alilipokea daftari kwa adabu, akalipekua, akasema hajawahi kuona mteja mwenye kumbukumbu nzuri hivyo. Alisema kweli, kwa upepo wa aina hii mtambo haungetufaa, na ni heri tulijua kabla haujasimamishwa. Alisema hivyo kama mtu anayetupongeza. Nikamwuliza kuhusu miti.

"Madam, sisi hatukukata miti," alisema. "Sisi tulishauri tu."

Barua ya chifu ina jina langu. Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara. Hasira isiyo na mtu wa kumshukia ni mzigo mbaya. Unaenda nayo nyumbani, unawapikia watoto nayo.

Stima ilipatikana, na hapo ndipo mtu anaweza kucheka akitaka. Fundi wangu na mwenzake walipanda juu ya mabati ya mama Jumamosi moja, wakafunga paneli sita, wakaweka betri mbili barazani. Kufikia saa kumi mashine ilikuwa ikinguruma kwa jua. Hata siku za mawingu ilipata chakula chake, maana paneli hula mwanga hata jua likijificha, na betri zikabeba usiku. Paa hilo lilikuwepo siku zote, limeinama upande unaofaa. Miti haikuwa imelifunika, kivuli chake kilikuwa kikiondoka kabla ya saa tatu asubuhi. Hakukuwa na sababu ya kukata hata tawi.

Nilidhani tumepona. Nilidhani mama atabaki, na miti tutaililia polepole. Lakini mwezi wa tisa upepo ulirudi, ule mkavu wa kabla ya mvua, na sasa ulikuta uwanja mtupu. Uliingia kutoka barabarani na kila lililolala huko. Tulifunga madirisha, tukatundika mashuka yaliyoloweshwa mlangoni, na bado kichungi cha ile mashine kilikuwa cheusi kila jioni. Wiki ya tatu mama alishindwa kumaliza sentensi. Tulimkimbiza Thika. Daktari alimsikiliza mgongoni, akaangalia picha ya kifua, akauliza, "Huyu mama anaishi wapi, kuna vumbi?" Nikamweleza barabara na malori. Akauliza, "Ni barabara mpya?" Nikasema hapana, ni ya siku zote. Akauliza sasa kumebadilika nini, na kaka aliyekuwa amesimama karibu yangu akatoka nje.

Daktari alisema asirudi pale. Si kwa sababu ya stima. Stima ilikuwa tele.

Alihamia Githurai mwezi wa kumi. Ng'ombe alichukuliwa na yule rafiki wa ng'ambo ya barabara, aliyekuja kumfungua kamba asinipe hata mkono. Kaka alimbeba mama mgongoni ngazi zote nne, akipumzika kila ghorofa, na mama akimwambia amshushe, watu wanaona. Sasa anakaa karibu na dirisha linalotazama ukuta wa jengo jingine. Upepo wa huko juu unabamiza milango kutwa nzima. Nilipomtembelea mara ya kwanza mlango wa jikoni ulijigonga tukashtuka wote, naye akasema, "Ile feni yenu mngeweka huku." Kaka alicheka mpaka akafuta macho. Mimi sikuweza.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, nilinunua miche kumi na tisa ya mukima pale pale Thika, nikaipanda, kila mmoja kando ya kisiki chake. Naenda kila Jumamosi kuipalilia. Nyumba imefungwa, paneli zinang'aa juu ya paa, zinatengeneza stima ya kutosha mashine ambayo haipo. Nimeulizia mukima unachukua muda gani kufika urefu wa kuzuia vumbi la lori. Nimeambiwa miaka, ikipata maji na mbuzi wasiifikie. Mama ametimiza sabini na sita.

Kila jioni saa kumi na mbili ananipigia simu. Huniita mami, kwa sababu nilipewa jina la mama mkwe wake. Haniambii habari za kifua, wala za ngazi, wala za kule kukaa kutwa nzima bila mtu wa kusengenya naye. Hata ile siku ya chapati hajawahi kuitaja tena. Anauliza jambo moja.

"Mami, miti imefika wapi?"

"Imefika kiunoni, maitu."

"Ni sawa. Ikifika kwa bega utaniambia nianze kupanga vitu."

Namwambia nitamwambia. Miti imefika magotini.